Mbona Warumi 13 tu?

Jumapili nimetoka kanisani moyo unachemka. Mhubiri mgeni kasimama mimbarini anatuambia Mkristo anayekataa kwenda vitani nchi ikimwita ni mwoga tu anayejificha nyuma ya Biblia, akasoma Warumi 13, mamlaka imewekwa na Mungu, basi, kesi imefungwa. Na watu wakapiga makofi!

Kabla hamjanirukia, sisemi askari hawezi kuwa Mkristo. Wale waliomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini hakuwaambia watupe panga, aliwaambia wasidhulumu watu na watosheke na mishahara yao. Kornelio naye Roho alimshukia akiwa na uakida wake. Haya, hilo nawapa, shingo upande lakini nawapa.

Ila tangu Augustino, yule askofu na mwalimu wa kanisa la kale, makanisa mengi yanafundisha kwamba kuna vita vya haki. Sawa. Basi na vya dhulma vipo, au? Na nani anamfundisha kijana kuvitambua? Maana sijasikia serikali iliyoita vijana ikawaambia jamani safari hii tumekosea, tunaenda kuonea watu. Askari wa Hitler walivaa mikanda ambayo chuma chake cha kufungia kimeandikwa "Mungu yu pamoja nasi". Mkanda wa suruali umefanywa mwanatheolojia!

Kuna mkulima mmoja wa Austria, Franz Jägerstätter, huyu namfikiria sana. Hakuwa mtu wa kupinga jeshi, mafunzo alishapitia. Lakini alipoitwa tena mwaka 1943 akagoma, akasema vita hii ya Hitler ni dhambi na mimi siui mtu kwa ajili yake, akajitolea ahudumie majeruhi, wakapuuza. Na kanisa lake, Katoliki? Askofu akamkumbusha ana mke na watoto, mambo ya vita wenye mamlaka ndio watajibu mbele za Mungu. Yaani fundisho la vita vya haki wanalo wao, siku mkulima kalichukua kwa uzito wanamwambia baba rudi shamba hayakuhusu! Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, ana miaka 36. Nyie huyo ndiye mwoga? Mwoga angevaa gwanda akakaa kimya kama wengine, maana ndiyo njia iliyokuwa rahisi.

Najua mtauliza, sasa kila mtu akigoma nani angemzuia huyo Hitler? Swali zito, silikwepi, na wale waliokwenda kumzuia siwahukumu. Lakini hilo swali halimfanyi Franz awe mwoga.

Mwaka 2007 kanisa hilohilo likamtangaza Mwenyeheri, yaani hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu, kwenye kanisa kuu la Linz, palepale kwenye kiti cha yule askofu. Mjane wake alikuwepo, bibi wa miaka 94, kakaa anawasikiliza.