Kadi ya chakula haifi ukivuka jimbo
Kuna mwandishi anayesema ukihama jimbo huku Marekani, kadi yako ya chakula inakufa hapo hapo. Si kweli, na wapo ndugu zetu wanaolala njaa kwa kuamini hivyo! Kadi ya EBT, yaani kadi ya kielektroniki yenye pesa za SNAP (msaada wa chakula wa serikali), inafanya kazi majimbo yote 50. Tulipotoka Texas kwenda Iowa tulinunua mkate na maziwa ya watoto njiani kwa salio lile lile. Kinachokatazwa ni kupokea msaada wa majimbo mawili mwezi mmoja. Kwa hiyo fungeni kwanza faili la msaada la jimbo la zamani, mpewe barua ya kuonyesha limefungwa, ndipo muombe upya jimbo jipya. Jibu huchukua hadi siku 30, ila mwenye shida kubwa anastahili kupata ndani ya siku 7. Waliohama karibuni, nyinyi mlisubiri siku ngapi?