Testa wa huku na testa wa nyumbani
Jamani hii kazi ya kutesti programu mnaidharau bure. Nyumbani ukisema we ni testa wanakuona umeshindwa kuandika programu ukapewa kazi ya kubonyezabonyeza, na unaitwa dakika za mwisho, mfumo unaenda laivu kesho, hebu cheki kama unafunguka. Ukisema bado, unaambiwa unachelewesha watu.

Huku nje ya nchi testa anakaa kwenye kikao kabla hata programu haijaanza kuandikwa, anauliza maswali ya kuudhi, mteja akibonyeza lipa mara mbili je, mtandao ukikatika hela imeshakatwa na risiti haijaja je, na bagi nyingi, yaani makosa ya programu, zinaishia hapo hapo mezani. Akisema haitoki basi bosi anayetaka itoke asaini mwenyewe kwamba hatari kaiona.

Sio kwamba huku ni malaika. Tarehe 19/7/2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walituma faili moja bovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikagoma, ndege zikakwama, na hilo faili lilikuwa limepita kwenye kihakiki chao ambacho nacho kilikuwa na bagi, halafu likaenda kwa wateja wote kwa mpigo badala ya kuanza na wachache. Ila baadae walieleza hadharani kosa lilipita wapi. Kwetu tunatafuta wa kumfukuza, imeisha, na mwezi ujao bagi ni ile ile.

Wanaoniuliza cheti cha ISTQB, kile cha kimataifa cha matesta, ile ngazi ya msingi ni maswali 40 kwa dakika 60, unapita na 26, na kama mtihani sio kwa lugha yako unaongezewa dakika 15, ziombe mapema. Kifanye, kinakufikisha kwenye intavyuu, lakini ukifika unawekewa ukurasa wa kulogini unaulizwa utautesti vipi, hapo utajijua. Selenium na Playwright, zana za kutesti kwa kuandika kodi, utajifunza bure mtandaoni, ila mtu anayeripoti bagi vizuri, hatua kwa hatua, simu gani, toleo gani, alitegemea nini akaona nini, mpaka developa, yaani mwandishi wa programu, aione bagi hiyo mwenyewe bila kumpigia, huyo adimu hata huku.

Kitu nisichokipenda huku ni kampuni zinazopunguza matesta eti developa ajitesti mwenyewe, wakati yeye anabonyeza palepale anapojua panakubali. Kwahiyo kama unataka kuja, jifunze na kuandika programu kidogo, nafasi za kutesti kwa mkono tu bila kodi ni za kugombania.