Boma Lililofika Lenta: Nani Anamdai Nani?

Katika vijiji vingi vya Tanzania lipo jengo lisilo na paa ambalo kila mtu hulitaja kwa jina la hospitali. Kwenye makaratasi ya halmashauri jengo hilo ni boma la zahanati: kuta zake za tofali za kuchoma zimefika usawa wa lenta, yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ndani mmeota majani na pengine mpapai, na mbuzi huingia humo kukwepa jua la mchana. Wanaolitazama jengo hilo kutoka mjini huwa na hukumu moja, kwamba wanakijiji wameonewa. Mwananchi amekwisha kulipa kodi katika sukari na mafuta ya taa, amelipa ushuru wa mazao mnadani. Kwa nini tena asombe mchanga na kuchangia fedha ya saruji ili apate huduma ambayo Serikali imejitwika yenyewe jukumu la kuitoa?

Swali hilo ni la haki, na lina majibu machache kuliko wanasiasa wetu wanavyodhani. Hata hivyo, naona limejengwa juu ya dhana potofu, nayo ni kwamba mwanakijiji anayebeba tofali hajui anachokifanya. Anajua vizuri sana.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, ulianza mwaka 2007 ukiahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, wakati ambapo nchi yenye vijiji zaidi ya 10,000 ilikuwa na zahanati chini ya 5,000. Ahadi ya namna hiyo huzaa foleni, na foleni ina kanuni zake, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Kanuni mojawapo, ambayo kila mwenyekiti wa kijiji anaijua, ni kwamba fedha za umaliziaji huenda mahali palipo na kitu cha kumalizia. Katika miaka ya karibuni kiwango kilichozoeleka kimekuwa Shilingi milioni 50 kwa kila boma la zahanati. Kijiji kisicho na boma hakimo kwenye orodha hiyo. Kimekaa nje ya foleni kikisubiri ahadi ya jumla.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouona msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kujenga zahanati kama sadaka ambayo maskini anaitoa kwa Serikali. Naliona boma kuwa ni dai. Barua ya kuomba zahanati itagongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili, na mwaka utakapokwisha hakuna atakayekumbuka iko wapi, lakini kuta zenye urefu wa mita tatu kando ya barabara ya kwenda mnadani hazifichiki. Diwani hulazimika kuzitolea maelezo katika kila mkutano, mgombea ubunge hupita mbele yake na kipaza sauti, na mkuu wa wilaya huulizwa habari zake hata akiwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa.

Ukihudhuria mkutano mkuu wa kijiji siku ya kusomewa michango, utaona hesabu hiyo ikipigwa. Mtendaji anafungua kaunta buku na kusoma kaya moja moja: aliyemaliza fedha, aliyeleta tofali mia mbili akabakiza mia, aliyeomba kulipa kwa debe za mahindi baada ya mavuno. Kitongoji cha mbali kinalalamika kuwa kimesomba mawe mengi kuliko kitongoji ambacho jengo linajengwa. Mtu anauliza saruji iliyobaki iko wapi, na swali hilo halipiti hivi hivi, kwa sababu kila aliyekaa pale chini ya mti anajua mfuko mmoja umemgharimu nini. Ukaguzi wa aina hii hauonekani mara nyingi katika miradi inayoletwa na mkandarasi kutoka mkoani.

Kuna takwimu moja ambayo hunirudisha kwenye hoja hii kila ninapotaka kuiacha. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya, mwaka 2010 nusu ya watoto wa Tanzania walizaliwa katika kituo cha kutolea huduma. Kufikia utafiti wa 2015/16 ilikuwa asilimia 63, na mwaka 2022 asilimia 81. Kutoka 50 hadi 81 katika miaka 12, katika nchi yenye watu wengi wanaoishi vijijini, ni badiliko kubwa mno. Sitadai kuwa lote limetokana na tofali za wanavijiji. Bodaboda ziliingia vijijini katika miaka hiyo hiyo, na sidhani kama mchango wao kwa wajawazito umewahi kupewa heshima unayostahili. Barabara zimefunguka, simu zimeenea, na tangu 2017 Serikali imeweka kati ya Shilingi milioni 400 na 500 katika kila kituo cha afya kilichoboreshwa ili upasuaji wa dharura ufanyike huko huko. Zahanati, kwa upande wake, haimfanyii mama upasuaji. Akikwama, bado atahitaji kupelekwa mbele. Pamoja na hayo yote, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa masika hapimi umbali kwa sera. Anapima kama mto umejaa au haukujaa, na kama jengo liko upande wake wa mto. Majengo mengi yaliyoko upande wake wa mto yalianza kwa jembe, ndoo na kaunta buku.

Upande wa pili una silaha zake, na ile ya kodi si kali kuliko zote. Kali zaidi, kwa maoni yangu, ni ya usawa. Ikiwa fedha za umaliziaji hufuata boma, basi hufuata wenye uwezo wa kuinua boma: kijiji cha korosho au kahawa, kijiji chenye vijana Dar es Salaam wanaochangishana kwa simu, kijiji kilicho karibu na mto wa mchanga. Jamii ya wafugaji waliotawanyika, au kijiji ambacho mvua imekikataa misimu miwili mfululizo, hakina cha kuinua, na kwa hiyo fedha ya umma hukipita na kwenda kumuongezea aliyekwisha kuanza. Hoja yangu ya dai inageuka hapa na kunikata mimi mwenyewe, kwa sababu dai lenye nguvu kwa mmoja ni kusogezwa nyuma kwa mwingine.

Hoja ya kulazimishwa nayo ina ukweli. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kwa mlango huo mchango wa hiari hugeuka kuwa faini, na faini hugeuka kuwa kuku au sufuria iliyochukuliwa na mgambo. Bibi anayelea wajukuu wanne hutozwa sawa na mwenye duka. Anayetetea nguvu za wananchi bila kulikemea hilo hajawahi kuwa upande wa anayedaiwa.

Kisha kuna watumishi. Kuta zinaweza kujengwa kwa msaragambo. Muuguzi hapatikani kwa msaragambo. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulipowaondoa watumishi wa umma 9,932, zipo zahanati za vijijini zilizobaki na mtu mmoja au bila mtu kabisa, na wanavijiji waliojichangisha miaka kadhaa walikuta kufuli mlangoni. Kenya imeonja hali kama hiyo: zahanati zilizojengwa kwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanza mwaka 2003, baadhi zilisimama zikiwa na rangi mpya bila mhudumu, kwa kuwa aliyejenga si yule aliyekuwa na bajeti ya mishahara.

Wakosoaji huchukua mfano huu wa kufuli na kusema bora wanakijiji wasingejenga. Mimi nausoma vingine. Kilichokosekana ni upande wa pili wa makubaliano, na kosa hilo lilifanyika kabla ya tofali la kwanza. Mhandisi wa halmashauri hufika kuta zikiwa lenta na kusema ramani si ya Wizara, chumba cha kujifungulia ni kidogo. Angetakiwa kufika msingi unapochorwa. Nafasi za tabibu na muuguzi ziombwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, mwaka ule ule kijiji kinapofyatua tofali. Na vijiji visivyo na uwezo vitengewe fungu lao ambalo haliulizi boma kwanza, la sivyo foleni itabaki ya wenye nacho.

Limebaki jambo la kaunta buku. Mradi unapokaribia kufunguliwa, mara nyingi mbele ya Mwenge wa Uhuru, risala husomwa na ndani yake hutajwa thamani ya nguvu za wananchi kwa shilingi. Makofi hupigwa, jiwe lenye jina la kiongozi hufunuliwa, na siku inayofuata tarakimu ile haina kazi tena. Wakati huo huo zahanati hiyo ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Tarakimu ile ingeingizwa kwenye kumbukumbu za kamati kama mtaji wa kijiji. Muuguzi akihamishwa bila mwingine kuletwa, wajumbe wangekuwa na karatasi ya kumwekea mkurugenzi mezani, yenye majina ya kaya na idadi ya tofali za kila mmoja.