Nina Alama 41, na Moshi Mweusi Una 93

Tangu shirika ninaloliendeshea gari hapa Goma lifunge chini ya dashibodi kisanduku cha kupima ni dereva gani anayejali mazingira, mimi ni adui wa dunia kwa maandishi. Nina alama 41 kwa 100, kwenye karatasi ya alama zetu iliyobandikwa ukutani. Sibishi kwamba dunia inazidi kupata joto. Ninachobisha ni kwamba joto hilo lote linatoka katika mguu wangu wa kulia.

Kisanduku chenyewe hakina macho wala pua. Ndani yake mna kifaa kinachohisi mitikisiko na kingine kinachojua mahali gari lilipo kwa msaada wa setelaiti. Ukikanyaga mafuta ghafla kinaandika, ukifunga breki ghafla kinaandika, na ukiacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama kinaandika vilevile. Hesabu hiyo ina mantiki yake, kwa sababu kila unapofunga breki unatupa mwendo ulioulipia mafuta, na lita moja ya mazutu, yaani dizeli, ikiungua hutoa hewa ya ukaa yenye uzito wa kilo 2.7 hivi, yaani nzito kuliko lita yenyewe, kwa kuwa mafuta hujiokotea oksijeni hewani yanapoungua. Mwalimu aliyetufundisha hayo alituambia tutazame mbali, tuone mapema taa nyekundu au gari linalopunguza mwendo, tuachie mafuta na kuliacha gari litembee lenyewe mpaka lisimame. Ni ushauri mzuri, ila kule mtaa wa Birere kinachokuja mbele yako ni motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyebeba mama mmoja na godoro moja, godoro limemziba mama, mama amemziba motari kioo, na wote watatu wanatokea upande ambao sheria za barabarani hazikuufikiria. Nikifunga breki ninachafua mazingira. Nisipofunga, nadhani kuna karatasi nyingine ya kubandika ukutani.

Tukiacha lami na kuingia mitaa ya mawe ya volkano, kisanduku hupagawa kabisa. Gari linatembea kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, lakini kila jiwe linalogonga tairi linahesabiwa kana kwamba nimefunga breki kwa hasira. Nyiragongo ilimwaga mawe hayo mwaka 2002, ikarudia mwaka 2021, na mpaka leo sijaona alama zake zikibandikwa popote.

Halafu kuna suala la injini kuunguruma bure. Mkuu wa mradi, ambaye ndiye aliyetia saini mpango wa kuokoa mazingira, hushuka garini akiwa na faili kwapani na kuniambia: «Papa, usizime, kiyoyozi kisizimike, ninarudi sasa hivi.» Nami hujibu: «Ndiyo, Shefu.» Sasa hivi yake ina ajenda, ina chai, ina maandazi, na mwishoni ina picha ya pamoja. Muda wote huo mazutu yanaungua, na jina linaloandikwa ni langu.

Kinachoniuma zaidi ni mwenzangu mwenye alama 93. Ninamheshimu, ni mtu wa adabu, na kazi yake ni kupeleka barua na wageni kwenye lami ya Himbi. Lakini gari lake likipanda kidogo tu, nyuma hutoka moshi kama wa tanuri la makaa, mpaka wauza ndizi wa kando ya barabara wanafunika beseni zao kwa vitenge. Kisanduku hakiuoni. Mwaka 2008 kampuni ya Fiat ilipotoa programu yake ya eco:Drive, dereva alichomeka flashi garini, safari zake zikahifadhiwa, kisha kompyuta ya nyumbani ikampa alama kati ya 0 na 100. Lakini magari yale yalikuwa na kompyuta ya injini inayoweza kuulizwa. Land Cruiser zetu zina injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda 6, pampu ya mafuta ya kimakanika tupu, yaani hakuna wa kuulizwa. Kisanduku kinakisia tu, na kwa makisio yake filta iliyoziba si dhambi alimradi dereva awe mpole.

Tena watu wa Goma hatuhitaji kutambulishwa kwa hewa ya ukaa. Upande wa Mugunga na Bulengo inatoka yenyewe katika nyufa za ardhi, tunaiita mazuku, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hulala mabondeni na kuua mbuzi kabla mwenyewe hajajua kuna nini. Ningefurahi kuambiwa kwa namba kamili ni mazutu kiasi gani nimeunguza na kwa sababu gani. Dumu la mafuta na daftari la safari vinaweza kulisema hilo hata bila setelaiti.

Kwa hiyo nilipendekeza, kwa adabu zote, kwamba kando ya jina la dereva liandikwe pia jina la aliyeamuru injini isizimwe. Wiki iliyofuata nilijibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba taarifa za abiria ni siri.