Fizi, moyo na sukari: watu wa Mwanza waambiwe nini?

Ujumbe mmoja unazunguka sana kwenye simu: fizi zako zikitoka damu, moyo wako uko hatarini. Wengine wanaongeza kiharusi, wengine kisukari, wengine kujifungua njiti, wengine hata kupoteza kumbukumbu uzeeni. Upande wa pili wapo wanaosema, na baadhi yao ni wahudumu wa afya waliochoshwa na foleni, kwamba mkoa wenye malaria na kichocho hauna nafasi ya kujadili fizi. Naona pande zote mbili zimekosea, ila hazijakosea sawasawa.

Ugonjwa wenyewe unaanza kimyakimya. Ukoga ni utando wa bakteria unaojishika kwenye jino pale linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa mgumu, na ukishafika hapo mswaki hauutoi tena, uwe wa dukani au ule wa mti unaouzwa kwa mafungu sokoni. Ufizi unavimba na kutoka damu. Hatua hii inapona kabisa. Mwaka 1965 watafiti wa Denmark waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki 3 hivi fizi za wote zilikuwa zimevimba, na waliporudia mswaki zikapona. Tabu inakuja ugonjwa unaposhuka hadi kwenye mfupa unaolishika jino, maana mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Daktari wa meno huukagua kwa kijichuma chembamba chenye alama za milimita, anakiteremsha polepole kati ya jino na ufizi. Kikiishia milimita 1 hadi 3, ni kawaida. Kikizama 5 au 6 na damu ikafuata, hapo pameshaharibika, na mara nyingi mwenye mdomo hajawahi kusikia maumivu. Anayevuta sigara anaweza asione hata hiyo damu, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya ufizi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia kiwango kikali.

Sasa moyo. Ni kweli kwamba wenye fizi mbovu huugua moyo zaidi, na ni kweli pia kwamba bakteria wa fizi wamekutwa ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya damu. Lakini sigara huharibu vyote viwili, kisukari vilevile, na umaskini haubagui kiungo. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi mwaka 2012 kikasema uhusiano upo hata ukiondoa sababu hizo zinazojulikana, ila haujathibitishwa kuwa fizi ndizo zinazosababisha, wala kwamba kuzitibu kunazuia ugonjwa wa moyo. Kwa wajawazito jibu ni la wazi zaidi. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lenye wanawake zaidi ya 800, lilionyesha kuwa kusafisha fizi wakati wa ujauzito ni salama na fizi zinapata nafuu, lakini idadi ya watoto njiti haikupungua. Mama mjamzito asafishwe meno bila hofu, ila asiahidiwe kisichokuwepo.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu hofu ya namna hii imeshaleta madhara. Mwanzoni mwa karne ya 20, Uingereza na Marekani, madaktari waliamini kuwa meno ndiyo chimbuko la magonjwa ya viungo na mengine mengi, wakang'oa meno ya watu kwa wingi, hata mazima. Hapa kwetu kung'oa ndiyo tiba ambayo watu wengi wanaijua. Mwambie mtu kwamba jino linamuulia moyo, atakujibu: basi ling'oe.

Kwenye kisukari, hata hivyo, wanaopaza sauti wana haki, na hapa ndipo wanaopuuza wanaponikera. Sukari ikipanda, kinga ya mwili hulegea na fizi huharibika haraka. Na uvimbe wa fizi usiokwisha huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, ishindwe kufanya kazi yake vizuri. Kila upande unauchochea mwenzake. Majaribio hayakukubaliana mara moja: moja kubwa la mwaka 2013 halikuona faida yoyote kwenye sukari. Lakini uchambuzi wa mwaka 2022 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya tafiti 35, ulikuta kwamba kutibu fizi kunashusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu, ambacho huandikwa kwa asilimia, kwa karibu pointi 0.4. Hakuna anayesema mgonjwa aache dawa zake. Ila punguzo hilo si la kutupa, na limepatikana hasa kwa kukwangua ukoga.

Hoja nzito ya upande wa pili, kwa maoni yangu, ni ya kipato na muda, na inastahili heshima. Chukua mvuvi wa Ukara, kisiwa kilichoko wilaya ya Ukerewe. Amevuka na samaki, jino linacheza, na siku ya kukaa mjini ni moja. Kusafisha fizi zilizoharibika sana kunataka arudi tena na tena; kung'oa ni mara moja, asubuhi, na jioni yuko kwenye chombo anarudi kisiwani. Anayemwita mjinga hajakaa kwenye kambi ya uvuvi. Ndiyo maana mahubiri ya piga mswaki hayatoshi.

Lakini hesabu hiyo ina deni lake. Magego yakiisha, mtu anaacha karanga, mahindi ya kuchoma, mboga ngumu na nyama, anabaki na uji, ugali na mchuzi. Akiwa na kisukari, huo ndio mlo wa wanga mtupu aliokatazwa. Sihitaji kuthibitisha lolote kuhusu moyo ili kuona kwamba afya yake ya miaka 20 ijayo imeguswa.

Kwa hiyo mabango ya fizi na moyo yangoje. Pa kuanzia ni kliniki za kisukari, ambako mgonjwa anakuja hata hivyo na anasubiri kwenye benchi hata hivyo. Muuguzi anayempima sukari amuulize maswali mawili: fizi zinatoka damu ukipiga mswaki? Kuna jino linalocheza? Akijibu ndiyo, apelekwe dirisha la meno siku hiyohiyo, asiambiwe aje wiki ijayo. Na aambiwe aendelee kupiga mswaki palepale panapotoka damu, taratibu, kwa sababu wengi hupakwepa wakidhani wanapaumiza, na ukoga unazidi kujaa hapo. Fedha ikipatikana kwa ajili ya visiwa, vinunuliwe vifaa vya kukwangua ukoga na apatikane tabibu wa meno wa kuvitumia Ukerewe, ili mvuvi yule awe na kitu kingine cha kuchagua zaidi ya koleo.