Kipele kwenye kioo cha simu: madaktari wa ngozi wanabishania nini?

Kwa kuwa ngozi inaonekana kwa macho, wengi hudhani daktari wa ngozi ndiye anayefaa kuliko wote kutibu kwa mbali, yaani kwa picha au video za simu. Madaktari wenyewe hawakuona hivyo. Katika utafiti wa maoni uliofanywa Marekani mwaka 2020, takriban 14 kati ya kila 100 waliojibu walikuwa wakihudumia wagonjwa kwa mbali kabla ya korona. Korona ilipoingia wakafika kama 97. Kliniki zilikuwa zimefungwa, wangefanyaje? Siisomi namba hiyo kama kura ya imani.

Hata hivyo, wengi walioonja hawakuacha, na wana sababu. Mgonjwa wa chunusi aliyeanzishiwa dawa miezi miwili iliyopita hana haja ya kupoteza siku nzima ili aambiwe aendelee nayo. Daktari anaweza kupitia picha ishirini, akachagua mbili za kuitwa kesho. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba wataalamu waliosoma picha walitambua saratani nyingi za ngozi; zilizowaponyoka ni chini ya 7 kati ya 100.

Hizo chache ndizo zinazowanyima madaktari usingizi, na hapa wenye shaka nawaelewa. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya chumbani, kwa simu inayolainisha ngozi na kuing'arisha yenyewe, imeshahaririwa kabla daktari hajaiona. Kwenye ngozi nyeusi pumu ya ngozi mara nyingi haiwi nyekundu, huelekea zambarau au kijivu, na rangi hizo simu inaweza kuzifuta. Halafu kuna kidole. Daktari hubonyeza doa: likififia, mishipa imetanuka tu, lisipofifia, huenda damu imevuja chini ya ngozi, na hilo laweza kuwa jambo la dharura. Kwenye picha madoa hayo mawili ni pacha.

Zaidi ya hayo, mgonjwa hupiga picha kinachomkera, si kinachomdhuru. Bob Marley alikuwa na doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu, likadhaniwa ni jeraha la kucheza mpira. Ilikuwa melanoma, saratani hatari ya ngozi, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Chumbani daktari husema "vua viatu". Simuni nani atasema?

Video nayo, ajabu, haisaidii sana: mara nyingi picha yake ina ukungu kuliko ya kawaida. Faida yake ni mazungumzo, kwa mfano kumuuliza mtu kama alishapaka krimu ya steroidi, maana krimu hiyo hubadili sura ya choa, yaani fangasi wa ngozi, hata mtaalamu asiitambue. Suala la malipo na lawama ya kisheria lipo pia, ingawa naona hilo ni la kupangwa mezani tu.

Kwangu mimi swali ni nani kapiga picha. Ikiwa ni muuguzi mwenye dematoskopu, lenzi yenye taa ya kukuzia ngozi, aliyemkagua mgonjwa kichwa hadi nyayo na kuandika historia yake, pingamizi nyingi zinapungua nguvu. Ikiwa ni mgonjwa peke yake, na daktari hajawahi kumwona ana kwa ana, nasimama na wenye shaka.