Saa Yako Iko Nyuma

Kompyuta ya steshenari yangu pale Mbagala tulikuwa tunaiita Bibi. Si kwa dharau. Asubuhi ukishaibonyeza unaiacha iamke kwa nafasi yake: nafagia, namwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, naenda kwa mama ntilie kunywa chai na chapati mbili, nikirudi nakuta bado inajikongoja. Niliinunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya, ina Windows 7 na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1. Windows ikishakaa kitako humo ndani, nafasi inayobaki ni ya kutundika shati tu.

Sasa fungua Chrome, brauza ya kuingilia intaneti, juu ya hapo. Taa ndogo ya mbele inawaka na haizimi tena, diski inakoroma, na mteja anaanza kutazama saa. Kuna kijana alikuja kujaza fomu ya maombi ya chuo, akaenda kunyoa nywele, akarudi amependeza, ukurasa bado haujafunguka. Kiswahili sanifu kinakiita kitu hiki kivinjari, na kuvinjari ni kuzungukazunguka huku na huko ukitazama mambo. Bibi hakuwahi kuvinjari. Bibi alitambaa.

Nina mpwa wangu Dodoma, anasomea mambo ya kompyuta. Januari 2025 nikamtumia sauti ya WhatsApp ya dakika tatu, yote malalamiko. Akajibu kwa sekunde kumi: "Shikamoo anko. Chrome nzito hiyo, kila tabu unayofungua inakula RAM kivyake. Tafuta brauza nyepesi. Halafu ichomoe hiyo mashine, uipulize vumbi."

Nikaanza na vumbi, maana hilo halihitaji bando. Tangu niinunue sijawahi kuichomoa ukutani. Nikaichomoa, nikafungua ubavu, nikakuta udongo wa kutosha kuotesha mchicha. Nikapuliza, nikapiga chafya, nikafunga, nikawasha. Kioo kikaja cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza, mstari wa mwisho unataka nibonyeze F1. Nikabonyeza F1. Kizungu cha kompyuta huwa sikisomi asubuhi.

Mama Zai, mke wangu, alikuwepo. Alipoona kumbe plagi ile inachomoka, akatoa amri ichomolewe kila jioni, umeme wa Luku usiliwe bure usiku. Kwa hiyo kila siku asubuhi kioo cheusi, F1, chai, chapati.

Nilipofungua Chrome siku ile ile ya vumbi, badala ya ukurasa ikaja alama nyekundu na maneno ambayo kwa Kiswahili ni: saa yako iko nyuma.

Nikageuka kutazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Nikatazama simu. Saa nne na dakika kumi. Nikamtazama Bibi pale chini kwenye kona: 12:25. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ni yale mambo ya saa za kizungu, sisi tukisema nne wao wanasema kumi. Lakini 12:25 haikuwa ya mzungu wala ya Mswahili. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya saa, kalenda ikafunguka, imeandikwa Januari. Na sisi tuko Januari. Safi. Nikaweka 10:10, nikafunga. Mwaka sikuutazama. Nani anakagua mwaka? Mwaka si kitu cha kuteleza mfukoni.

Nikafungua tena. Saa yako iko nyuma.

Hapo nikajiridhisha kwamba Chrome imezeeka vibaya. Nilikuwa na ushahidi: kwa Windows 7 iliishia toleo la 109 mwaka 2023, baada ya hapo walitufungia mlango. Nikasema moyoni, brauza iliyotelekezwa na wazazi wake lazima iropoke. Mpwa wangu kasema tafuta nyepesi, natafuta nyepesi.

Ya kwanza niliyoiwaza ni Opera, kwa mapenzi ya zamani. Mliowahi kushika simu ya vibonyezo mnaijua Opera Mini. Ukurasa ulikuwa unapitia kwanza kwenye seva zao, unaminywa huko, unakuja kwako mkavu kama dagaa, na bando la mia tano linakuvusha siku kadhaa. Nikaidaundilodi ya kompyuta kwenye simu, nikaihamisha kwa waya. Kumbe hii ni ukoo mwingine. Tangu 2013 Opera ya kompyuta imejengwa juu ya injini ile ile ya Chrome. Nimehama chumba, nyumba ni moja. Ilichukua robo saa kujisakinisha, ikafunguka kwa mbinde, na ikanipokea kwa maneno yale yale: usalama, cheti cha kuitambulisha tovuti, saa. Nikaona ndugu hawa wamekubaliana.

Mpwa akasema, "Basi jaribu K-Meleon, anko." Jina ni kinyonga kwa Kiingereza kilichochongwa, na nembo yake ni kinyonga. Mimi nimezaliwa Rufiji, kinyonga si mnyama unayemtuma haraka. Lakini nisiwe mnafiki: huyu alifunguka kabla sijaondoa mkono kwenye mausi. Programu ndogo, ya tangu mwaka 2000, ina vitufe vya kizamani kama redio ya mkulima. Nilimwita hadi Juma muuza chipsi aje kuona. Juma akaja na koleo lake mkononi. Nikaandika anwani, nikabonyeza, tukasubiri wote wawili. Likaja tangazo: mawasiliano haya hayaaminiki.

"Hata kinyonga hakuamini, Baba Zai," akasema Juma, akarudi kwenye mafuta yake.

Hapo ndipo nilipoomba kitu chepesi kuliko vyote duniani. Mpwa wangu, nadhani alishachoka na mimi, akanipa Lynx. Hii ilianzia Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1992, haina picha, haina rangi za maana, haihitaji mausi, ni maandishi matupu kwenye kioo cheusi na unatembea kwa vishale. Kwa uzito ni kama unyoya. Nayo ilinung'unika kuhusu cheti, ila kwa adabu: iliuliza kama niendelee au niache. Nikaendelea. Nilikuwa namhudumia dada mmoja aliyekuja kuprinti risiti ya malipo. Akaona kioo kimekuwa cheusi, mistari inashuka, mimi nimekunja uso nabonyeza vishale kwa kasi.

"Kaka, unaingia benki ya watu?"

"Hapana dada, hii ni brauza nyepesi."

Akachukua kitambulisho chake mezani, akakitia kwenye pochi, akafunga zipu. Akaniambia anakwenda kumwangalia mtoto. Hakuwa na mtoto. Risiti yenyewe haikufunguka vilevile, kwa sababu ile tovuti inataka JavaScript, lugha inayoendesha vitufe na fomu za kurasa, na Lynx haiijui JavaScript kabisa.

Kufikia siku ya nne nilikuwa na brauza tano kwenye deskitopu, pamoja na Firefox niliyoongeza kwa hasira, na hakuna hata moja iliyofika popote. Nikajitetea kwa kazi zisizohitaji intaneti. Kutoa kopi, kufanya laminesheni, kuchapa mikataba. Mkataba wa pango ndio fahari yangu: nimeutengeneza kwenye Word, tarehe inajijaza yenyewe, mimi naweka majina na kodi tu, napiga mhuri. Juma mwenyewe alikuwa amepata chumba, elfu hamsini kwa mwezi, kalipa miezi sita. Nikawachapia yeye na mwenye nyumba. Walisaini wote bila kusoma, na mimi shahidi nikasaini bila kusoma.

Keshoyake mwenye nyumba akaingia, baraghashia imenyooka, karatasi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba Zai, huyu Juma kaingia lini kwangu?"

"Juzi, mzee."

"Mkataba unasema ameingia tarehe 1 Januari 2009. Mhuri huu wa nani?"

Mhuri ulikuwa wangu. Mzee akageuza karatasi, nyuma alishapiga hesabu kwa kalamu. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Desemba iliyopita ni miezi 192. Mara elfu hamsini, milioni tisa na laki sita. "Hii laki tatu aliyonipa," akasema taratibu, "ni ya mwaka huu. Mimi nauliza za nyuma."

Juma alikuwa mlangoni. "Mzee, mwaka 2009 mimi nilikuwa darasa la tatu!"

"Ulisaini wewe au hukusaini?"

Fundi simu wa fremu ya jirani ndiye alituokoa. Alikuwa anasikiliza tangu "shikamoo". Akaja, akachomoa plagi, akaichomeka, akawasha, na kioo cheusi kilipotokea akanishika mkono kabla sijabonyeza F1. "Umewahi kusoma hapa?" Palikuwa pameandikwa, wazi kabisa, kwamba saa ya mashine haijawekwa. Akafungua ubavu, akang'oa kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, akakiuma kama anayepima dhahabu. "Hiki ndicho kinachotunza saa mashine ikichomolewa, na kimekufa siku nyingi. Ulikuwa hujui kwa sababu mashine haijawahi kuchomolewa."

Kumbe Bibi kila asubuhi alikuwa anaamkia 1 Januari 2009. Windows 7 ilitoka Oktoba mwaka huo, kwa hiyo alikuwa anaendesha kitu ambacho hakijazaliwa. Na vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa Bibi vyote vilikuwa vya wakati ujao, sawa na mtu kukuonyesha kitambulisho kilichotolewa miaka kumi na sita ijayo. Ungemkatalia hata wewe. Brauza zote tano ziliniambia ukweli, Chrome ikanitajia hadi ugonjwa, mimi nikatazama saa ya ukutani.

Betri shilingi elfu mbili. Fundi akaweka tarehe, mwaka ukiwemo, na Chrome ikafunguka. Polepole, lakini ikafunguka. Uzito ulikuwa palepale, maana betri haiongezi RAM. Fundi akanichomekea GB 1 nyingine iliyotumika, akaniachia Firefox toleo la 115, lile la mwisho kuikubali Windows 7, na akaweka kizuia matangazo. Hicho kizuizi, kwa maoni yangu, kimefanya kazi kuliko kuhama brauza zote zile, kwa sababu video za matangazo ndizo zilikuwa zinamkalia Bibi kifuani. Kinyonga nimemwacha kwa heshima, nafungulia kurasa za maandishi. Lynx niliifuta kabla dada yule hajarudi na polisi jamii.

Mkataba nikauchapa upya, bure, na kopi mbili juu. Tarehe nikaiandika kwa kalamu. Mzee akavaa miwani, akasoma kuanzia juu hadi kwenye mhuri, akasaini. Nikamwomba ule wa 2009 niuchane. Akaukunja mara nne, akautia chini ya baraghashia.

Juma akichelewesha kodi hata siku mbili, mzee hasemi kitu. Anakuja kununua chipsi, anavua baraghashia, anajipepea.